TPS ikiisha: kuomba ukimbizi, njia ya familia, kurudi Afrika Mashariki au kubaki bila karatasi?

Hifadhi ya muda ya Marekani, inayowaruhusu raia wa nchi zenye vita au maafa kukaa na kufanya kazi huko, ambayo sote tunaiita TPS, ilizaliwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Somalia ilipewa Septemba 1991. Rwanda ilipewa mwaka 1994, ikaondolewa 1997. Burundi ilipewa Novemba 1997 na ikafutwa Mei 2009. Sudan Kusini iliipata mwaka 2011, miezi michache baada ya uhuru wake. Watu wa ukanda wetu wanaujua mlango huu, na wapo Warundi na Wanyarwanda waliowahi kuufungiwa. Sasa zamu ni ya Wasudani Kusini na Wasomali. Serikali ilitangaza kwamba TPS ya Sudan Kusini ingeisha tarehe 5 Januari 2026, jaji wa Boston akaisimamisha hatua hiyo siku chache kabla. Ya Somalia ikatangaziwa mwisho wa 17 Machi 2026.

Naandika kwa aliyekulia Kakuma au Dadaab, aliyefanya biashara Eastleigh, au aliyetoka Barawa, na leo yuko Columbus, Omaha au Minneapolis akiwa na kibali cha kazi kinachotegemea TPS. Wasomali na Wasudani Kusini walio katika hali hii ni wachache. Wasomali wengi wa Minnesota ni raia. Kwa sababu hiyo ukimweleza jirani shida yako huenda asikuelewe, kwani yeye hajawahi kuhesabu siku. Lakini pia kuna heri ndani yake: wapo wenye TPS walio na ndugu wa damu mwenye pasipoti ya Marekani.

Njia ni nne, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mwenye hofu ya kweli ya kurudi kwao awasilishe ombi la ukimbizi kabla TPS haijaisha. Mwenye mke, mume au mtoto mkubwa aliye raia achunguze kwanza aliingiaje nchini, ndipo alipe fomu yoyote. Anayeona kwamba ataondoka, aondoke kabla ya siku 180 kupita tangu TPS iishe. Ninachokiogopa zaidi kwa ndugu zangu ni kukaa kimya wakingoja habari ya mahakama.

Amri ya jaji inakupa muda tu

Tazama yaliyowapata Wavenezuela mwaka 2025. Majaji wa California waliilinda TPS yao, watu wakashangilia, wakarudi kazini. Mahakama ya Juu ikaruhusu serikali iendelee kuifuta, mara ya kwanza Mei na tena Oktoba. Waajiri wakaanza kuwaita watu ofisini. Kwa hiyo jaji akisimamisha kufutwa kwa TPS yako, chukua nafasi hiyo kufanya kazi kihalali, kuweka akiba na kujaza fomu. Usiipangie kodi ya nyumba ya mwaka mzima.

Jambo jingine la kulijua: tangu 30 Oktoba 2025, aina nyingi za vibali vya kazi havirefuki tena vyenyewe kwa kuwa umeomba kingine. Zamani risiti ya maombi ilikupa hadi siku 540. Sasa tarehe iliyo kwenye kadi ikifika na kadi mpya haijaja, mwajiri analazimika kukusimamisha, hata kama anakupenda.

Siku 180

TPS ikiisha, unarudi kwenye hadhi uliyokuwa nayo kabla, kama bado ingali hai, au kwenye hadhi nyingine uliyoipata katikati. Wengi hawana yoyote kati ya hizo. Kuanzia siku hiyo, kila siku unayokaa inahesabiwa. Ukipitisha siku 180 halafu ukatoka nchini, unazuiwa kurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka mmoja halafu ukatoka, miaka 10. Zuio linaanza kufanya kazi ukivuka mpaka kwenda nje. Siku ulizokuwa ndani ya TPS hazihesabiwi, lakini zile za kabla ya TPS, kama ulikaa bila hadhi na hujatoka tangu wakati huo, zinaongezwa. Mtoto chini ya miaka 18 hahesabiwi. Ombi la ukimbizi lililowasilishwa kwa nia njema linaisimamisha hesabu, ilimradi hukufanya kazi bila kibali wakati linasubiri.

Ndiyo maana mtu anayesema “nitaona mwakani” ameshachagua bila kujua: akipitisha mwaka, kuondoka kwa hiari kunamgharimu miaka 10.

Ukimbizi na familia: ipi kwanza?

Ukimbizi una faida moja ambayo njia ya familia haina: hukatazwi kuomba kwa sababu ya namna ulivyoingia nchini. Hata aliyevuka mpaka wa Meksiko usiku anaweza kuomba. Sheria inataka ombi lifike ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, ila mwenye TPS anasamehewa ucheleweshaji huo akiomba katika muda wa busara baada ya TPS kuisha. Muda wa busara hauna tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo usiutafutie mpaka wake. Omba TPS ikiwa bado hai.

Hesabu ya kibali cha kazi nayo inakusukuma huko huko. Anayeomba ukimbizi huruhusiwa kuomba kibali baada ya siku 150, na hakitolewi kabla ya siku 180. Aliyeomba miezi sita kabla ya TPS kuisha anaweza kuvuka bila kupoteza mshahara. Aliyeomba siku ya mwisho atakaa nusu mwaka bila kazi halali, kama mambo yote yatakwenda sawa. Kuna gharama pia. Sheria ya Julai 2025 iliweka dola 100 kuwasilisha ombi, dola 100 kila mwaka likiwa linasubiri, na dola 550 kwa kibali cha kwanza cha kazi, na viwango hivi hupandishwa kufuata mfumuko wa bei.

Ubaya wake uko wazi. Vita peke yake havitoshi. Unatakiwa uonyeshe kwamba utateswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kundi ulilomo. Mbantu wa Somalia, Mbajuni, mtu wa Barawa, aliyekataa kuwatumikia Al-Shabaab, Mnuer au Mdinka mwenye historia inayojulikana: hawa wana cha kueleza, lakini lazima wakieleze kwa mambo yao wenyewe, si kwa habari za redio. Ombi likikataliwa na huna hadhi, faili linapelekwa kwa jaji wa uhamiaji, na sasa unajitetea usifukuzwe. Zaidi ya hayo, Marekani imeingia makubaliano na nchi kama Uganda na Rwanda ya kupokea watu wasio raia wao, na mawakili wa serikali wameanza kuwaomba majaji wayatupe maombi ya ukimbizi kwa kutumia makubaliano ya namna hiyo.

Liko suala moja la kwetu ambalo wakili wa Marekani huenda asikuulize. Watu wengi wa Garissa na Dadaab waliandikishwa pande mbili: Mkenya mwenye haki ya kitambulisho aliandikishwa mkimbizi enzi za ukame ili apate mgao, au Msomali alipata kitambulisho cha Kenya. Kama una uraia wa Kenya, jaji atakutaka uonyeshe hofu ya Kenya pia, si ya Somalia pekee. Kuificha karatasi hiyo ndani ya ombi la kiapo kunaweza kukufungia milango yote milele. Mwambie wakili wako kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Na kitambulisho hicho kinachodhoofisha ombi la ukimbizi ndicho kinachofanya kurudi Nairobi kuwa njia nzuri kuliko zote. Kwa mtu wa namna hii, njia ya kwanza na ya tatu zinapimwa kwa karatasi moja.

Njia ya familia ni tulivu zaidi, ila mlango wake ni mwembamba. Juni 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja katika kesi ya Sanchez kwamba kupewa TPS si sawa na kuingia nchini kwa kukaguliwa. Maana yake ni hii: aliyekuja kwa ndege na viza, hata kama viza iliisha zamani, akioa au kuolewa na raia anaweza kupata grinikadi, yaani ukaazi wa kudumu, bila kutoka nchini. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa kwa kawaida hawezi, isipokuwa aliwahi kusafiri kwa ruhusa ya TPS na kurudi kupitia afisa. Sera ya Julai 2022 iliwahesabu hao kuwa wameingia kihalali. Tafuta karatasi ya I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako, na muhuri wa pasipoti ya zamani. Mambo mengi yanaamuliwa na kikaratasi hicho.

Si kila ndugu anafaa. Mume au mke raia, au mtoto raia aliyetimiza miaka 21, wanafaa hata kama ulikaa au kufanya kazi bila ruhusa baada ya TPS, kama uliingia kwa kukaguliwa. Mume au mke mwenye grinikadi anafaa kwa masharti makali: hutakiwi kukatika hadhi wala kufanya kazi bila kibali. Sheria inauhesabu muda wa TPS kuwa hadhi halali kwa jambo hili, na zamu ikiwa imefika, fomu ya I-485, ya kuomba grinikadi, iwasilishwe TPS ikiwa hai. Kaka au dada raia anaweza kukuandikia, lakini foleni yake inapita miaka 15. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kwamba ndugu yako atakuokoa mwaka huu.

Kwa wenzetu Wasomali kuna kikwazo juu ya kikwazo. Desemba 2025 idara ya uhamiaji ilisitisha kutoa uamuzi kwa maombi ya watu wa nchi zilizo kwenye marufuku ya kuingia Marekani, Somalia ikiwemo, na mwezi huo huo marufuku yenyewe ikapanuliwa hadi Sudan Kusini. Uamuzi wa maombi yote ya ukimbizi yaliyo mikononi mwa idara hiyo nao ulisimamishwa wakati huo. Je, kuna faida kuwasilisha? Naamini ipo. Ombi lililosimama linakuweka katika foleni. Ambalo halijaandikwa halikulindi popote.

Mtoto anahesabika wapi, na wapi hahesabiki

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa sababu kila mtu amesikia kwamba kuwa na watoto raia kunasaidia. Kunasaidia mahali pamoja na hakusaidii pengine kabisa.

Ukiondoka baada ya mwaka mmoja bila hadhi na zuio la miaka 10 likakushika, unaweza kuomba msamaha kwa kuonyesha kwamba mke, mume au mzazi wako, aliye raia au mwenye grinikadi, atateseka. Mtoto hayumo katika orodha hiyo. Unaweza kuwa na watoto watano waliozaliwa Columbus na bado ombi la msamaha lisiwe na pa kusimamia.

Lakini ukiwa mbele ya jaji wa uhamiaji, uko utetezi mwingine: kufutiwa kufukuzwa kwa aliyekaa Marekani miaka 10 mfululizo kwa mwenendo mwema, akiwa na mke, mume, mzazi au mtoto raia au mwenye grinikadi atakayepata taabu kubwa isiyo ya kawaida. Hapa mtoto anahesabika kikamilifu, hasa mgonjwa au mwenye mahitaji maalum shuleni. Aliyefika mwaka 2012 au kabla yake ameshatimiza miaka hiyo. Ugumu ni kwamba huwezi kuuomba utetezi huu dirishani. Unaombwa ndani ya kesi ya kufukuzwa tu, na sheria inaruhusu 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto anayetibiwa, aliyekaa miaka mingi, ana sababu ya kubaki na kupigana. Kijana asiye na mke wala mtoto, aliyefika miaka minne iliyopita, hana sababu hiyo, na kwake kuondoka mapema kuna uzito tofauti.

Kuondoka: Kenya, Uganda, Tanzania au Kanada?

Kwanza jua kama una amri ya zamani ya kufukuzwa. Wapo waliopewa amri miaka iliyopita, wakapata TPS, wakaisahau. Ukitoka na amri hiyo unakuwa umejifukuza mwenyewe kisheria, na zuio lake ni tofauti na lile la siku 180.

CBP Home, programu ya simu ya serikali ya Marekani kwa wanaoondoka kwa hiari, inatoa tiketi na fedha, dola 1,000 ilipotangazwa Mei 2025. Kwa asiye na nauli ni msaada. Lakini maneno ya kwamba utapata nafasi ya kurudi kihalali hayafuti zuio lolote lililoandikwa katika sheria, na raia wa Somalia au Sudan Kusini ana marufuku ya kuingia juu yake hata akiondoka siku ya kwanza. Faida ya kuondoka ndani ya siku 180 ni kwamba marufuku ya rais inaweza kuondolewa na rais mwingine, ilhali zuio la miaka 10 litakufuata hadi likamilike.

Mwenye uraia wa Kenya, au mzazi Mkenya, hana haja ya kulinganisha sana. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha na watoto wako waliozaliwa Marekani wanaweza kusajiliwa. Msudani Kusini asiye Mkenya anaingia kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yake ilijiunga mwaka 2016. Somalia nayo ilijiunga, mwaka 2024, lakini Kenya ilipowafungulia Waafrika wengi mwaka 2025 waingie bila ruhusa ya mtandaoni, iliwaacha Wasomali na Walibya nje ya nafuu hiyo. Msomali aombe kabla ya kukata tiketi. Anayefikiria kibali cha mwekezaji Kenya ajue kinataka mtaji wa dola 100,000, kiasi ambacho aliyefanya kazi kiwanda cha nyama Nebraska hanacho.

Uganda kwa wengi ni nafuu zaidi kuliko inavyosemwa. Sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na Kisenyi ya Kampala imejaa biashara za Wasomali, ingawa mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza kwamba haitawapa tena Wasomali wapya hadhi ya ukimbizi. Kenya ina sheria mpya ya 2021 yenye nia hiyo hiyo, lakini karatasi za kazi kwa mkimbizi Nairobi bado ni safari ndefu. Kama ningelazimika kumshauri Msudani Kusini mwenye akiba ndogo na ufundi wa mikono, ningemwambia Kampala kabla ya Nairobi, isipokuwa ana ndugu wa kumpokea Nairobi.

Tanzania inafaa kwa mwenye uraia wake au ndoa. Asiye raia asije na ndoto ya kufungua duka la kutuma pesa kwa simu, saluni au ufundi simu: amri ya Julai 2025 imezitenga biashara hizo na nyingine, 15 kwa jumla, kwa Watanzania pekee.

Kanada watu wanaitaja kila kikao. Tangu 25 Machi 2023, anayetoka Marekani kuomba ukimbizi huko anarudishwa, iwe amepita kituo cha mpakani au porini. Wenye nafuu ni walio na jamaa wa karibu mwenye hadhi Kanada: mzazi, mtoto, mwenzi, ndugu, babu au bibi, shangazi, mjomba, mpwa. Kama huna jamaa huyo, usivuke theluji ya Manitoba kwa matumaini. Watu wamepoteza vidole huko.

Kubaki bila karatasi

Siwezi kumhukumu anayebaki. Mama ambaye watoto wake hawajui kwingine ana haki ya kuogopa kuondoka kuliko kubaki. Lakini ajue anachokichagua. Mshahara halali unakwisha siku ile ile, na fidia ya kukosa kazi haipo kwa asiye na kibali. Kujisajili kampuni kunaruhusiwa. Kuifanyia kazi kampuni hiyo ukiwa Marekani ni kazi bila kibali, na kunaweza kuharibu njia ya grinikadi kwa baadhi ya watu. Kodi ya mapato bado unadaiwa, na kuilipa ni ushahidi wa mwenendo mwema siku ukifika mbele ya jaji.

Jimbo lina maana kubwa hapa. Minnesota inatoa leseni ya udereva bila kuuliza hadhi tangu Oktoba 2023. Ohio na Nebraska hazitoi, na huko kuendesha gari kwenda kununua maziwa ndiko kunakoweza kukupeleka korokoroni. Kuhama jimbo ni uamuzi wa kweli, wenye uzito kuliko watu wanavyoufikiria.

Kazi ya wiki hizi

Njia yoyote utakayoshika, mambo kadhaa hayasubiri. Piga simu ya mahakama ya uhamiaji ukiwa na namba yako ya A, yaani namba ya faili lako la uhamiaji, uulize kama kuna kesi au amri kwa jina lako, na uombe nakala ya faili lako lote serikalini. Watafutie watoto raia pasipoti za Marekani sasa, mkiwa wazazi wote wawili mko pamoja kutia sahihi. Andikeni karatasi ya ulezi kwa mtu mnayemwamini, na hati ya uwakilishi kwa atakayeshughulikia benki na gari. Akiba ya uzeeni ya kazini haipotei ukiondoka. Ukiitoa kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida unakatwa asilimia 10 juu ya kodi, hivyo kuiacha ilipo mara nyingi ni bora. Anayetuma akiba mbele kwenda Nairobi au Kampala atume kutoka akaunti ya benki, kwa sababu tangu 1 Januari 2026 anayelipa kwa pesa taslimu anakatwa asilimia 1.

Na fomu zijazwe na wakili, au na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani; mashirika mengi ya wakimbizi yanao, na bei zao ni nafuu. Yule kaka mwema wa msikitini au kanisani anayejaza fomu za watu kwa dola 300 anaweza kuwa na moyo safi, lakini ombi la ukimbizi likiandikwa vibaya mara ya kwanza, jaji atalishika mkononi mbele yako na kukuuliza kwa nini leo unasema tofauti.